Damu Iliyopanda Ndege

Jumanne, 18 Machi 2025

Leo paka wangu wametolewa damu. Hatimaye!

Muchiri, daktari wa mifugo, alifika asubuhi kwa pikipiki yake akataka mahali penye mwanga. Ndani kwangu ni giza hata mchana, tangu jirani ainue gorofa lake. Tukatoa meza barazani, mbele ya mfereji wa maji, wapangaji wangu wote wakitazama. Ploti ya Kawangware haina siri, na sikuona haja ya kuificha hii.

Majivu alitulia kama mzee wa kanisa wakati wa sadaka. Githeri alipigana. (Huyu ni wa madoa, mahindi na maharagwe, ndiyo asili ya jina.) Shantel, binti wa Austin na Immaculate wa chumba cha pili, akajitolea kumshika. Mtoto wa darasa la kwanza, mkono mpole. Githeri akampapura kidole. Tone moja tu la damu. Muchiri akalifuta kwa pamba, akaitupa pamba ndani ya mfuko wake pamoja na zile za paka, akampa mtoto peremende. Hakulia.

Wakarima, anayeuza mboga langoni, aliuliza damu inapelekwa wapi. Nikawaeleza wote. Nahamia Uingereza kwa mwanangu Kagiri, hilo wanalijua. Tangu nianguke bafuni hataki tena niishi peke yangu. Uingereza ni kisiwa. Walishakifukuza kichaa cha mbwa na hawataki kirudi ndani ya mnyama wa mtu. Kwa hiyo paka hutiwa chipu chini ya ngozi, kisha chanjo, kisha damu yake hupelekwa kwenye maabara ya huko wanayoiamini, ionekane kama chanjo imeshika. Ikishika, angoje miezi mitatu ndipo asafiri. Akikosa hayo, anafungiwa kwao miezi minne ndani ya kizimba. Githeri ni mzee. Miezi minne ya kizimba ni kaburi kwake. Marehemu mume wangu Kinyanjui ndiye aliyemleta nyumbani ndani ya kofia yake, siku ya mvua. Simwachi.

Obonyo wa chumba cha mwisho akasema hii damu imepata viza kabla yao. Tulicheka sana.

Alhamisi, 20 Machi 2025

Nimepigilia wavu madirishani. Muchiri amesisitiza: wasitoke mpaka safari, wasikutane na mbwa wa mtaroni wala paka wa watu. Wakiumwa mara moja, tutaanza yote upya.

Jioni Obonyo aliniuliza mbona nawafunga wanyama kama mahabusu. Nikasema wako karantini.

Mfereji ukanyamaza! Maji tu yakawa yanaanguka ndooni. Nilisahau kwamba Obonyo mwenyewe aliwahi kuchukuliwa, wakati ule wa korona. Alikutwa nje saa za kafyu, akatupwa kwenye bweni la shule pamoja na watu asiowajua, na hakuwa hata na kikohozi. Hapa mtaani neno hilo lina harufu yake. Immaculate alimvuta Shantel nyuma ya leso, akauliza kama paka ni wagonjwa. Nikamwambia la, ni wazima kabisa, ndiyo sababu wamefungiwa. Nikaona jibu hilo halikumsaidia.

Basi nikaeleza neno lenyewe. Naamini neno likijulikana lilikozaliwa halitishi tena. Zamani, nikasema, huko Italia, meli ikitoka nchi yenye tauni haikuruhusiwa kushusha watu. Ilikaa baharini siku arobaini. Kwa lugha yao arobaini ni kwaranta. Basi karantini ni arobaini tu, hakuna zaidi.

"Arobaini," Obonyo akasema. "Si hizo ndio siku za mwizi?"

Wakacheka, nami nikacheka. Somo zuri. Hawatalisahau.

Jumapili, 30 Machi 2025

Kagiri amepiga simu. Anataka niwagawe paka, nimpe Wakarima, nije peke yangu mwezi ujao, tiketi atanunua hata kesho. Nikamwambia mtu akihama na kila kitu isipokuwa kile kinachomtambua, hajahama, amepotea. Kisha akauliza kama najua kule kuna baridi.

Kanisani mzee mmoja alinishika mkono mlangoni akauliza kama ni kweli siku hizi napeleka damu ng'ambo. Alikuwa anatania. Nadhani alikuwa anatania.

Ijumaa, 11 Aprili 2025

Majibu yamefika! Wote wawili wamepita, Githeri hata amemzidi Majivu. Muchiri alinisomea kwa simu nikapiga makofi peke yangu jikoni. Nikatoka nje na kuwaambia waliokuwa wakifua: damu imekubaliwa!

Wakarima peke yake alisema hongera, bila kuinua macho kwenye sukuma wiki yake.

Austin aliweka chini chuma alichokuwa akisugua. Austin ni fundi wa milango ya chuma. Alikuwa mwanafunzi wangu shule ya Sarang'ombe, Kibera, nilipofundisha sayansi, na alikuwa hodari wa kuchora moyo na mishipa yake. Akauliza, kwa adabu, imekubaliwa na nani.

Nikaeleza tena, maabara, kinga, vipimo. Akaitikia kwa kichwa kila nilipotua, kama zamani darasani. Sasa nakumbuka kwamba Austin aliitikia hivyo hasa siku ambazo hakuelewa.

Immaculate amempeleka Shantel Busia kwa bibi yake mzaa mama, likizo. Kabla ya kuondoka mtoto alikuja dirishani kumuaga Githeri kupitia wavu. Ploti imekuwa kimya.

Jumatatu, 28 Aprili 2025

Shule zimefunguliwa. Shantel hakwenda. Amerudi kutoka Busia na homa.

Nilimwambia Immaculate apimwe malaria leo leo. Sisi Nairobi husahau, lakini Busia mbu hasahau mtu. Immaculate akasema ni baridi ya basi, walikaa karibu na dirisha bovu. Amenunua dawa ya maji kwenye duka la dawa. Nilitaka kumwona mtoto, nikaambiwa amelala.

Ijumaa, 2 Mei 2025

Wameenda kliniki. Malaria, kama nilivyosema. Amepewa vidonge. Lakini daktari alimfunua macho akasema neno jingine pia.

Immaculate alilitamka pale mferejini, wanawake wote wakiwapo. Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anaangalia dirisha langu, Majivu akiwa amekaa kwenye kizingiti ndani ya wavu, anajiramba.

"Hana damu," alisema. "Daktari amesema mtoto hana damu."

Nikaeleza mara moja. Kidudu cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu, huzaana humo, huipasua na kutoka. Ndiyo maana damu hupungua, na ndiyo maana lazima amalize vidonge vyote na kurudi kupimwa. Nilisema vizuri, kwa mifano. Nilipomaliza Immaculate alichukua ndoo yake ikiwa nusu, akaenda.

Jumatano, 7 Mei 2025

Mtu ameandika kwa chaki kwenye mlango wangu. 40.

Nimefuta kwa kitambaa chenye maji. Mlango ulipokauka, namba bado ilionekana.

Jumamosi, 10 Mei 2025

Austin amekuja. Alibisha, akasubiri akaribishwe, akakaa ukingoni mwa kiti. Amekonda. Alisema amekuja kuuliza swali la sayansi.

"Mwalimu, wewe ndio ulitufundisha damu haiuzwi dukani. Inatoka kwa mtu, inaenda kwa mtu."

Nikasema ndiyo.

"Sasa ya paka huko Ulaya ni ya kumpa nani?"

Nikamwambia haipewi mtu. Hupimwa, kisha hutupwa. Akasema hakuna mtu analipa ndege ya kitu cha kutupa. Na mimi, niliyefundisha maisha yangu yote, nilitafuta jibu fupi la hilo nikalikosa. Sikuwa na jibu ila refu.

Kisha akafika alikokuwa akienda. Siku ile barazani, Shantel alipopapurwa: ile pamba iliyofuta damu ya mtoto ilienda wapi? Maana Immaculate aliiona kwa macho yake ikiingia kwenye mfuko mmoja na ya paka.

Nilikuwa nimeisahau pamba! Nikasema nitamuuliza daktari, bila shaka ilitupwa. Akashukuru. Mlangoni akageuka akasema yeye haamini maneno ya watu, ni mama wa mtoto tu ndiye hawezi kulala.

Chai niliyompa aliiacha imejaa.

Jumanne, 13 Mei 2025

Muchiri alicheka nilipomuuliza. Pamba zote zenye damu huchomwa moto, ndiyo sheria ya kazi yao.

Nilifurahi. Jibu safi, la kumaliza neno. Nikaenda moja kwa moja kwa Immaculate, nikamwambia mbele ya Wakarima na wengine wawe mashahidi: usiogope, mama, ile damu ya mtoto haikwenda popote, ilichomwa moto.

Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Akakaa chini, pale pale kwenye maji machafu ya kufulia. Na mtoto ndani ana homa kama jiko.

Wakarima alinishika kiwiko akanirudisha kwangu kama mgonjwa. Tulipofika ndani akafunga mlango.

"Mwalimu," akasema, "nakuomba na Mungu. Usiwaeleze tena."

Ijumaa, 16 Mei 2025

Nimekuta omena, dagaa wa ziwani, dirishani. Wamefungwa ndani ya karatasi ya gazeti, wakasukumwa chini ya wavu pale uliponyanyuka kidogo. Omena wabichi, wenye unga wa kijani kidogo juu. Dawa ya panya naijua rangi yake.

Majivu alikuwa ameshaweka mguu juu ya karatasi. Nilimrusha kama mpira, Mungu anisamehe. Nimewakagua wote midomo. Safi. Hawakula.

Nimefukia nyuma ya choo na kupigilia upya wavu wote. Nimewahamishia chumba cha ndani kisicho na dirisha. Githeri analia usiku kucha kwa sauti nyembamba, na sauti inasikika ploti nzima. Nikimsikia mimi, nao wanamsikia. Sijui wanasikia nini.

Kagiri anasema niite polisi. Nikamuuliza nitawaambia nini, kwamba mtu amewapa paka wangu samaki? Na polisi wakija, watamchukua nani? Austin. Watampiga, na mtoto atazidiwa.

Nimeongea na Shantel leo! Dakika chache tu, mama yake alipokwenda dukani. Nilisimama mlangoni, sikuthubutu kuingia. Midomo imekuwa na rangi ya majivu. Aliuliza kama Githeri bado amekasirika naye. Nikasema hapana.

Austin nikamwomba, nikamsihi: mpeleke hospitali kubwa, nitalipa teksi. Akasema asante Mwalimu, tumeshamwita mtu wa maombi.

Jumatatu, 19 Mei 2025

Shantel ameanguka akienda choo. Wamemkimbiza hospitali kwa bodaboda, kati ya baba na mama. Amelazwa.

Wakarima amekuja kwa siri. Anasema niondoke, niende kwa dada yangu Wangeci, Limuru, hata leo. Nimefikiria sana. Mwenye ploti akitoroka na mizigo na vizimba siku mtoto amelazwa, atakuwa amejibu swali lao kwa miguu yake.

Nimebaki.

Jumatano, 21 Mei 2025

Leo amekuja Nanyama, mama yake Austin, kutoka mtaa wa Lindi, Kibera. Ametoka huko kwa miguu, umri wetu huu, na leso yake ya kanisani.

Namjua Nanyama. Mikutano ya wazazi alikuwa akija mapema kuliko wote, mikono ina unga wa mandazi, anakaa mbele. Hakuwahi kunibishia. Nilifurahi kumwona. Nilidhani nimepata mtu wa kuongea naye.

Nikamtilia chai. Akaiweka chini.

"Sikuja kwa ubaya, Mwalimu."

"Najua, Mama Austin."

"Watu wanasema mengi. Mimi sijasema. Wewe umezaa, mimi nimezaa." Alikuwa akilaza leso magotini, akiikunjua, akiilaza tena. "Kama ilichukuliwa kwa bahati mbaya, basi ni bahati mbaya. Hata chumvi mtu hukopa kwa jirani akasahau. Rudisha tu."

Wakarima alinikataza, lakini huyu alikuwa ametoka mbali na amekaa mbele, kama zamani. Nikaeleza. Polepole, kwa upole wote nilio nao. Busia, mbu, chembe, vidudu. Kwamba damu ya Shantel imeliwa ndani ya mwili wake mwenyewe, haikuchukuliwa na yeyote. Alinisikiliza mpaka mwisho, vile mzazi anavyomsikiliza mwalimu anayemwambia mtoto ameanguka mtihani.

"Hayo yote ni kweli," akasema. "Sasa utarudisha?"

Nikamsogezea tena kikombe.

"Nimemfunua macho mimi mwenyewe. Hapa ndani. Ni peupe kama unga, Mwalimu. Nilikuwa nauza mandazi, najua unga."

Kisha akashuka kutoka kwenye kiti na kupiga magoti. Nilisikia mifupa yake. Nina magoti kama yale, najua gharama yake. Nilijaribu kumwinua akawa mzito. Mwanamke mwenzangu yuko sakafuni kwangu, ananishika vifundo vya miguu, na sina kitu cha kumpa. Nilikuwa na ukweli tu, na nimeshautoa wote wiki hizi, haujamshibisha mtu.

Nikasema, "Nitairudisha."

Akanibusu mkono, akainuka, akatoka. Nikamsikia akiwaambia waliokuwa uani, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Amekubali."

Nimekaa hapa tangu hapo nikilitazama neno hilo. Mtu akiombwa jambo akaitika, tunasema amekubali. Na mtu akishtakiwa kosa akalikiri, tunasema vilevile amekubali. Hakuna mlango kati ya vyumba hivyo viwili. Nilipita kimoja kumfariji, wote uani wameniona nikitokea kingine.

Muchiri nimempigia. Kesho atakuja kuwachukua paka, wakae kwake Dagoretti mpaka safari. Ameahidi kuja mapema.

Alhamisi, 22 Mei 2025

Ni mchana. Nimekaa karibu na dirisha. Naandika ili mkono uwe na kazi.

Asubuhi nilisikia kelele uani nikashika kitanda. Kumbe ni furaha! Immaculate amempigia Austin kutoka hospitali. Jana jioni Shantel alitiwa damu. Usiku homa ilishuka. Leo amefungua macho na kuomba chai ya maziwa.

Nilifungua mlango bila kufikiri. Nanyama alinikumbatia, mashavu yake maji matupu.

"Umefanya haraka," akasema. "Mungu akuone."

Nikamwambia si mimi. Ni damu ya hospitali, ya msamaria fulani aliyejitolea.

"Ndio. Ilikuja kwa mfuko. Immaculate ameuona, uko na stika na namba. Vile ile yako ilienda."

Nikamfuta mashavu kwa ncha ya mtandio wangu.

Kumbe kulikuwa na la pili. Austin alikuwa nyuma yake, kofia mkononi. Daktari anataka mfuko mwingine, leo, kabla hali ya mtoto haijashuka tena. Damu ya aina yake imekwisha hospitalini. Familia imeambiwa ilete watu watolewe, hata ya aina nyingine, ili hospitali ibadilishane na kwingine. Immaculate mwenyewe wamemkataa, ana mimba. Na hawa wote, badala ya kwenda huko, wamekuja kwangu.

Nikawahesabu kwa macho. Mafundi. Wanawake wa kufua, mikono ya misuli. Obonyo, kifua kama mlango. Wamekaa barazani kwangu, mishipa yao imejaa, wanangoja yangu.

"Umebaki mfuko mmoja, Mwalimu," Austin akasema. "Mmoja tu. Hatutakusumbua tena."

Nikawaambia. Kila mmoja wenu anayo, nendeni, hata sasa, sindano moja. Mimi umri wangu umepita, hawatanikubali, lakini nyinyi ni vijana. Nilisema kwa Kiswahili rahisi kuliko nilivyowahi kusema maishani.

"Kwani ya mtoto iko wapi?" Austin akauliza.

Hakuna aliyeinuka.

Muchiri akafika na vizimba nyuma ya pikipiki. Obonyo alienda langoni, nikadhani anafungua. Alifunga, kwa kufuli yangu mwenyewe. Hakumtukana. Alimwambia daktari angoje kidogo, kuna kazi ya familia. Muchiri akanipigia kutoka nje ya ukuta akauliza kama aite polisi. Nikawaza polisi, lango, watu hawa wote, vumbi, na kitanda kile ambacho mfuko wake haujaja. Nikamwambia angoje.

Kisha nikarudi ndani, nikakaa nikafikiri. Si kwa muda mrefu. Mtoto hana muda mrefu.

Nikamwita Austin dirishani. Nikatumia sauti ile ya darasani, ya mbele ya ubao.

"Haiwezi kurudi peke yake," nikamwambia. "Ilitoka kwa mtoto, lazima ipitie kwa baba. Nenda hospitali sasa. Waambie wakuchome hapa, kwenye mshipa huu. Itakayotoka ndiyo hiyo. Na uende na Obonyo, ikikwama kwako ipitie kwake."

Hakuuliza swali hata moja. Wiki hizi zote nimempa ukweli, akaugeuza kila upande kama mnunuzi wa viazi. Hili alilipokea kwa mikono miwili. Alisema tu, "Asante Mwalimu," uso wake ukafunguka, nikamwona yule mvulana wa kuchora moyo. Wakatoka mbio yeye na Obonyo. Wanawake wakawafungulia njia. Mmoja alipiga ishara ya msalaba. Aliipiga kwangu.

Lango limefungwa tena, na ufunguo wake Obonyo amemwachia Nanyama.

Nanyama hakwenda. Amevuta kigoda mpaka mbele ya mlango wangu, ameegemea, siwezi kuusukuma. Ameomba chai. Nimempitishia kikombe kwenye pembe ya wavu, na leo ameinywa yote, kwa kelele za kupoza. Tumeongea kuhusu mvua. Tumeongea kuhusu Sarang'ombe ya zamani. Anasema watu hapa nje wametulia kwa sababu wanajua mimi ni mtu wa neno langu.

Ndani, Githeri ameanza tena kulia. Nanyama akainua kichwa akamsikiliza.

"Hao paka wasiende kwanza," akasema. "Mpaka irudi yote."

Nikauliza, na ikisharudi?

"Ikirudi yote, watakuwa wamemaliza kazi." Alisema kwa upole, kama mtu anayekupunguzia mzigo. "Austin atakusaidia. Hutahitaji kuangalia."

Nikataka kuuliza na isiporudi. Hilo sikuuliza.

Saa zimepita. Muchiri bado yuko nje ya ukuta, nasikia akiongea na Wakarima kwa sauti ya chini. Jua limefika kwenye mfereji. Nimewaingiza paka wote wawili ndani ya kapu la nguo, nimefunga kifuniko kwa mtandio, sijui kwa nini. Nyumba ina mlango mmoja, ploti ina lango moja.

Simu ya Nanyama inalia. Ameitoa kifuani, ameisogeza mbali, ameisogeza karibu. Maandishi yake ni madogo, macho yetu ya uzee haya. Anainyoosha kwangu kupitia wavu.

"Nisomee ni nani, Mwalimu."

Ni Austin.